Ubobezi wa uchumi kwenye chuo cha biashara: kisa cha binti wa Igurusi

Alikuja ofisini juma la mwisho la muhula wa tatu, wakati ubao wa matangazo umeshajaa namba za waliodaka sapu, mitihani ya marudio. Julai ya Mbeya, baridi ya kuvaa makoti mawili. Mkononi alikuwa na karatasi moja ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Shikamoo Mwalimu. Nimepanga kozi zangu za uchumi, naomba unisainie tu."

Hilo "tu" ndilo lililonifanya nimwambie akae.

Kwanza mazingira. Chuo chetu ni cha biashara. Shahada ni ya usimamizi wa biashara, miaka 3, mihula 6, krediti 360. Kwa hesabu ya vyuo vikuu vya hapa nchini krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, za darasani na za kujisomea. Mihula mitatu ya mwanzo wote wanasoma mamoja: uhasibu wa awali, sheria ya biashara, kanuni za maikro (uchumi wa mlaji na kampuni moja moja) na makro (uchumi wa nchi nzima), hisabati za biashara, takwimu za biashara. Baada ya hapo kila mmoja anachagua eneo la ubobezi, na uchumi ni mojawapo. Ubobezi wenyewe ni kozi 6 za krediti 10 kila moja.

Sitini katika mia tatu na sitini. Huwa naiandika namba hiyo ubaoni kila mwaka kabla sijasema neno lingine, maana wengi wanaochagua uchumi hudhani watatoka hapa wakiitwa wachumi. Watatoka wakiwa watu wa biashara waliosoma uchumi kwa saa 600. Si kidogo, lakini saa 600 zikipangwa ovyo zinaisha bila mtu kujua zimekwenda wapi.

Sasa karatasi yake. Kozi za lazima za ubobezi ni mbili, maikro ya kati na makro ya kati. Ya tatu mwanafunzi anachagua kati ya ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, na historia ya fikra za kiuchumi. Tatu zilizobaki ni za hiari. Binti alikuwa ameweka historia ya fikra, kisha uchumi wa kazi, fedha za umma na uchumi wa kilimo. Nje ya ubobezi, muhula wa nne unampa kila mwanafunzi nafasi mbili huru za kusoma chochote, na yeye alikuwa amezijaza kwa ujasiriamali ngazi ya pili na huduma kwa wateja.

Nikamuuliza kwa nini historia ya fikra. Akacheka kidogo. "Ekonometriki wanasema inadiskoza." Yaani inafukuzisha watu chuo.

Na zile mbili za nafasi huru?

"Zinabeba GPA, Mwalimu."

Alikuwa mkweli, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. GPA yake, yaani wastani wa alama zake, ilikuwa 3.6. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, kwa hiyo alikuwa amesimama ukingoni hasa. Kidato cha sita alisoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu), ile hisabati aliyopitia ni BAM, hisabati ya msingi tu, na BAM yenyewe aliambulia S, alama iliyo juu ya F tu. Mwanafunzi wa namna hiyo akiambiwa habari za hisabati anasikia mlango unafungwa. Mwaka wa ziada nao hauwezekani: mkopo umepangwa kwa miaka mitatu, bumu, ile fedha ya kujikimu, likikatika hakuna wa kulipia geto la Uyole.

Mimi ninavyouona ubobezi wa uchumi kwenye chuo cha biashara, unasimama au unaanguka kwa kozi mbili ambazo hazimo kwenye orodha ya ubobezi. Moja ni ya hisabati, nyingine ni ya takwimu za juu kuliko zile za mwaka wa kwanza. Orodha haizitaji kwa sababu zinafundishwa na idara nyingine, na aliyeandika kitabu cha mwongozo aliona zinajulikana. Hazijulikani. Mwanafunzi anaingia maikro ya kati akitegemea michoro ya mistari miwili inayokatana, mara anakuta mwalimu anatafuta chaguo bora la mlaji kwa mbinu ya Lagrange, hesabu ya kutafuta kilicho bora ndani ya bajeti, na difarensiesheni ya mwisho aliiona kwenye BAM miaka miwili iliyopita. Anakariri. Akifika ekonometriki amekariri kiasi kwamba hawezi tena kukariri, na hapo ndipo sifa ya kudiskoza inapozaliwa.

Kwa hiyo nilichukua karatasi nyingine tukaanza kupanga kutoka mwisho.

Muhula wa sita kuna ripoti ya utafiti, krediti 20. Utafiti wa uchumi usio na namba ni insha, na namba zinataka ekonometriki hata kama ni ile ya mstari mmoja. Ekonometriki hufundishwa mara moja kwa mwaka, muhula wa tano. Basi takwimu za kuitangulia lazima ziwe muhula wa nne. Maikro ya kati nayo hufundishwa muhula wa nne tu, na inadai hisabati. Takwimu ngazi ya pili, kwa bahati mbaya ya ratiba, iko muhula wa tano, sambamba na ekonometriki yenyewe. Ni kama kujifunza kuogelea siku ya kuvuka mto.

Hapa tulikwama karibu nusu saa. Kilichotuokoa ni kusoma autilaini, yaani mihtasari, za kozi badala ya majina yake. Idara ya ugavi ina kozi ya muhula wa nne inaitwa mbinu za hesabu za maamuzi. Jina halisemi chochote kuhusu uchumi. Ukiifungua, juma la tatu hadi la nane ni uwezekano, sampuli, upimaji wa nadharia tete na mstari wa rigresheni wa vigezo viwili, yaani unaoonyesha kimoja kinavyobadilika na kingine. Yaani takwimu ngazi ya pili, ila mifano yake ni ya maghala. Tukaiweka kwenye nafasi huru ya kwanza. Ya pili ikaenda kwa hisabati za uchumi, ambayo ingesomwa sambamba na maikro. Ningependa itangulie, lakini kalenda haikuwa na huruma.

Akaangalia karatasi akakaa kimya. Halafu: "Nikipata C zote mbili?"

Swali zuri, na nawashauri walimu wenzangu wasilijibu kwa maneno ya kutia moyo. Lijibiwe kwa kalamu. Kwetu A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Mihula mitatu ina krediti 180. Kwa GPA ya 3.6 ameshakusanya pointi 648. Zimebaki krediti 180. Tuseme kozi hizi mbili, krediti 20, zimempa C zote: pointi 40. Krediti 160 nyingine akabaki na wastani wake wa kawaida wa 3.6: pointi 576. Jumla 1,264. Gawanya kwa 360, unapata 3.51.

Bado yumo.

Kisha tukapiga hesabu ya upande wa pili, ambayo wanafunzi hawaipigi kamwe. Asiposoma hizi mbili, akachukua zile rahisi, maikro ya kati bado ni ya lazima, na makro ya kati siku hizi nayo imejaa hesabu. Akiingia huko mikono mitupu, C mbili zinamsubiri vilevile. Krediti ni zile zile 20. Tofauti ni mahali pa kuumia: aumie kwenye hisabati, ambako kuna kitu atatoka nacho, au aumie kwenye maikro kwa sababu hisabati hakuisoma. Tulipofika hapo alivuta karatasi upande wake na kuanza kuandika mwenyewe.

Shida ya pili ilikuja kwa simu, siku tatu baadaye.

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni baba yake yule binti wa Igurusi."

Mzee ana mashine ya kukoboa mpunga, barabara kuu ya kwenda Makambako. Aliongea kwa adabu sana na hakuzunguka. Alitaka mwanawe asome uhasibu. Mhasibu ana NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ana mitihani yake, ana cheti cha CPA, kila mtu anajua ni nani. "Huo uchumi, Mwalimu, unafundisha nini ambacho mashine yangu haijanifundisha?"

Nikamwomba tufanye hesabu moja, namba za mfano. Tuseme mwezi wa 6 gunia la mpunga ni shilingi 80,000. Mwezi wa 1 limepanda hadi 110,000. Mtu ameweka ghalani. Amepata ngapi?

"Elfu thelathini."

Toa ghala, tuseme 1,000 kwa mwezi, miezi 7.

"Ishirini na tatu."

Mpunga umekauka ukapungua uzito, tuseme asilimia 5. Kwa bei ya mwezi wa 1 hiyo ni 5,500.

"Kumi na saba na nusu. Bado ipo faida."

Sasa ile 80,000 mzee, ungeipeleka kwenye kazi nyingine, au ungemkopesha mtu wa kuaminika kwa asilimia 3 kwa mwezi, bila riba juu ya riba. Miezi 7 ni 16,800.

Alinyamaza. Nikasikia mashine nyuma yake. "Imebaki mia saba."

Mia saba, na panya hatujawataja. Vitabu vya mhasibu, kama fedha ni za mzee mwenyewe na hakukopa popote, havina mstari wa ile 16,800, maana hakuna risiti. Mchumi anaidai iandikwe, anaiita gharama mbadala, ni kile ulichokiacha ili ufanye ulichokifanya. Nilimwambia pia, bila kuficha, kwamba akiwa na uhasibu njia ya CPA ingekuwa fupi zaidi kwa binti yake, na kwamba uamuzi si wangu. Hakusema amekubali. Alisema, "Haya, ngoja nimwachie mwenyewe," na kwa wazee wa huku hiyo ni ruhusa kubwa.

Wiki iliyofuata binti alirudi na mfuko wa salfeti. Ndani mlikuwa na kaunta buku saba. Baba yake ameandika kila siku tangu 2016: magunia yaliyokobolewa, bei ya mchele kwa kilo siku hiyo, na nani kadaiwa. Naomba nikiri kwamba sikufanya kazi nyingine alasiri ile. Tunawatuma wanafunzi wakachape dodoso kwa watu 50 sokoni Mwanjelwa, wajibiwe na watu wenye haraka, kumbe mtu ana miaka saba ya bei za kila siku zimefungwa kwa kamba ya katani.

Lakini daftari la mtu ni la mtu, lina tabia zake. Tulipozipitia kwa makini tuligundua mambo mawili ambayo yangeharibu utafiti kama yangepita. Msimu wa mavuno, mwezi wa 5 hadi wa 7, magunia karibu yote yanaishia na sifuri au tano: 40, 65, 80. Miezi mingine zipo 13, 27, 31. Kumbe wakati wa foleni aliyeandika ni mpwa wake mzee, na mpwa hukadiria. La pili ni gumu zaidi. Siku ambazo umeme haukuwepo mzee hakuandika kitu, hakuacha hata mstari wazi. Ungedhani ni siku chache za kusahau. Ila mashine inasimama zaidi kiangazi, na kiangazi kinapoelekea mwisho ndipo mchele unapopanda. Siku zinazokosekana, basi, ni zile zile za bei kubwa. Ukichukua wastani wa zilizoandikwa unapata bei ya chini kuliko iliyokuwepo sokoni. Hakuna fomula ya ekonometriki inayokuonyesha hilo; inakubidi umuulize mwenye daftari.

Binti, baada ya kuonja, alitaka makubwa. Alikuwa amesoma kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka mchele kwenye bidhaa nyeti, na ushuru wa pamoja wa mchele unaotoka nje ni asilimia 75, akataka apime ushuru huo umepandisha bei ya Igurusi kwa kiasi gani. Nilimkatalia. Bei na kiasi huonekana sokoni vikiwa vimeshaamuliwa na pande zote mbili, wauzaji na wanunuzi. Ukiona bei imepanda huwezi kusema nani kasukuma. Ni tatizo la zamani. Mwaka 1928 Mmarekani Philip Wright, akichunguza masoko ya bidhaa kama siagi na mbegu za kitani, alionyesha njia: tafuta kitu kinachogusa upande mmoja tu, kama mavuno yaliyoharibiwa na hali ya hewa. Kwa Usangu, bonde la mpunga la huko kwao, mvua ingefaa. Lakini hiyo ni kazi ya shahada ya uzamili, na mwanafunzi wa krediti 20 akiigusa atatoka na jedwali asilolielewa. Tukabaki na swali dogo: bei ya mchele Igurusi inapanda kiasi gani kati ya mavuno na miezi ya njaa, na je, pengo hilo linalipa gharama ya kuhifadhi? Ile mia saba ya baba yake, ikipimwa kwa miaka saba.

Swali likishapatikana, kozi za hiari zilijipanga karibu zenyewe. Uchumi wa kilimo ulibaki. Fedha za umma na uchumi wa kazi zikaondoka. Ni kozi nzuri, hazikuwa na kazi hapa. Biashara ya kimataifa ikaingia, kwa ajili ya mambo ya ushuru na mpaka wa Tunduma. Ya mwisho nilimsukumia mimi, uchumi wa rasilimali, na hapo labda nilitumia cheo changu vibaya. Lakini niambie, mtoto wa Mbarali, wilaya iliko Igurusi, anasomaje uchumi bila kusoma maji? Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu 1993. Mwaka 2008 ardhioevu ya Usangu ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na huko chini ya mto kuna mabwawa ya umeme ya Mtera, megawati 80, na Kidatu, megawati 204. Mkulima anayefungulia mfereji, tembo, na turbini wanagombea tone moja. Elinor Ostrom alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, kwa kazi ya kuonyesha jinsi watu wanavyoweza kujitungia kanuni za kitu cha wote kama maji au misitu. Vyama vya watumia maji vya huko kwao ni darasa tosha.

Mpangilio wa mwisho ukawa hivi. Muhula wa nne: maikro ya kati, hisabati za uchumi, mbinu za hesabu za maamuzi, na kozi tatu za lazima za biashara. Wa tano: makro ya kati, ekonometriki, uchumi wa rasilimali, na za biashara. Wa sita: kilimo, biashara ya kimataifa, ripoti, na zilizobaki. Nilisaini.

Jambo moja sikulitatua, na bado linanikera. Cheti chake kitasomeka shahada ya usimamizi wa biashara. Neno uchumi litakuwa kwenye transkripti, ile orodha ya kozi na alama. Matangazo ya nafasi ya mchumi yanayotoka Sekretarieti ya Ajira hutaja shahada kwa majina, na msaili mwenye mafaili mia hafungui transkripti ya mtu ambaye cheti chake hakilingani na tangazo. Nilimwambia hivyo kabla hajasaini fomu, nikamwambia pia asitegemee halmashauri kama mlango wa kwanza. Benki, vyama vya ushirika, wanunuzi wa mazao, miradi ya kilimo, huko wanasoma transkripti. Na kama atataka uzamili, ziko njia kama programu ya pamoja ya vyuo vya Afrika inayoratibiwa na AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika wa Nairobi, tangu 1993, ambayo kiini chake ni maikro, makro na mbinu za hesabu. Huko wataangalia hisabati kabla ya jina la cheti. Kwa mlango huo kozi moja ya hisabati bado ni ndogo, angehitaji kujisomea matriki na kalkulasi zaidi. Nilimwambia na hilo.

Muhula wa nne ulitoka hivi: hisabati za uchumi C, kama tulivyoogopa. Mbinu za maamuzi B, maikro B, za biashara B+ zote tatu. GPA ikashuka hadi 3.53. Alikuja mlangoni uso umekunjamana, tukakaa na kalamu tena: pointi 848 kwa krediti 240, zinahitajika 1,260 mwishoni, kwa hiyo mihula miwili iliyobaki inadai wastani wa 3.44. Ekonometriki alipata B. Kwa mtu wa BAM yenye S, mimi nilimnunulia chai.

Sasa hivi yuko muhula wa sita, anaingiza kaunta buku kwenye kompyuta kwa R, maana ni programu ya bure. Miaka miwili imeshaingia, tano bado. Juzi alinionyesha picha ya daftari jipya aliyotumiwa na baba yake kwa simu. Mzee amechora safu ya nne kwa rula. Juu yake ameandika UMEME, na chini, siku mbili mfululizo: hakuna, hakuna.